Nyuki Mwenye Unga Mgongoni

Umeme umekatika Isevya tangu saa moja.
Simu yangu imebakiwa na asilimia kumi na tisa,
ndiyo taa yetu, ndiyo sinema yetu.
Sogea, shangazi Nyamizi. Huo mchele utausubiri.
Nimekuletea kitu kutoka ng'ambo,
si Ng'ambo hii unayokwenda kwa fundi cherehani,
ile nyingine, ambako watu huvaa makoti ndani ya nyumba.

Hili giza ni giza la hadubini.
Vivuli hivi vya mviringo, kama mayai ya kanga
yaliyotagwa usiku, ni seli za saratani,
aina ile ile iliyokukalia titi la kushoto.
Na dawa unayotundikiwa Mwanza kila baada ya wiki tatu
imo humu, inaogelea, ila huioni.
Kingamwili. Tumeivisha rangi,
na rangi yenyewe ina maringo:
nje haiwaki.
Mlangoni haiwaki.
Ikishika kipokezi, ikang'ang'ania, bado haiwaki.
Mpaka seli yenyewe ikunje utando wake, iimeze,
iishushe kwenye kifuko cha ndani kabisa chenye uchachu,
uchachu wa togwa iliyosahauliwa siku ya nne,
hapo ndipo unamulika bluu
nayo inakujibu kijani.

Tazama. Dakika ya arobaini.
Nukta moja.
Subiri.
Mbili, tano, halafu huwezi tena kuhesabu.

Mimi niliziona mara ya kwanza saa nane usiku,
peke yangu, chumba hakina dirisha,
nikapiga kigelegele kidogo, cha kubana,
mlinzi akaja kugonga mlango
kuuliza kama nimeumia.

Wewe hukupiga kigelegele.
Uliivuta simu hadi karibu na jicho
kama unavyokagua sega kama limeiva,
ukasema: hii ni kazi ya Mihayo.

Baba yangu, kabla sijazaliwa, msitu wa Ipole:
anamvizia nyuki anapokunywa kwenye dimbwi,
anampaka unga wa muhogo mgongoni,
anamwachia.
Kisha mbio, shingo juu, miiba haisikii,
na wewe nyuma yake umekumbatia kibuyu,
mnakimbilia chembe moja nyeupe hewani
mpaka inapotumbukia kwenye tundu la mninga.
Akijua mlango, ulisema, hakati mti mwingine.

Nikafurahi. Nikadhani tumemaliza.
Nilikuwa nimetafuta mfano huo miaka minne
na ulikuwa umekaa hapa, juu ya mkeka, ukichambua mchele.

"Lakini yule nyuki alikuwa anakwenda kwao," ukasema.
"Hii dawa yako inakwenda kwa nani?"

Nikajikwaa. Nikasema haivunji mlango,
inavutwa ndani, seli yenyewe inaikaribisha.
"Basi ni posa ya hila," ukacheka,
ukashika ubavu pale kwenye mshono,
ukaacha kucheka.

Asilimia sita.
Kidole chako kimesimama pembeni ya kioo,
juu ya seli tatu nyeusi kama zilivyoanza.
"Na hizi?"
Hizo hazijameza.
"Kwa nini?"
Kwenye ripoti yangu jibu hilo lina kurasa mbili
na jedwali.
Hapa lilikuwa neno moja, nalo lilinikwama:
hatujui.

Hukusema kitu. Hukunirudishia simu.
"Rudisha nyuma," ukaniambia, "ianze tena."
Tukaitazama ikianza tena, giza, giza, nukta,
kijani kikakupanda kidevuni, kwenye pua,
na mimi sikuitazama picha, nilikutazama wewe
ukitafuta zile tatu
kama mtu anayehesabu watoto jioni.

Simu ikazima.

Sikuona ulivyouvuta ungo.
Nilisikia tu vidole vyako vikipita kwenye mchele,
polepole, bila taa,
na baada ya muda
kokoto moja ikidondoka kwenye sinia.